Kasi ya Saa ya Kadi ya Michoro: Kwa Nini Hushuka na Kupanda

Kadi ya michoro ni bodi iliyo ndani ya kompyuta inayotengeneza picha tunazoziona kwenye skrini. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na mara nyingi feni yake, kwa hiyo si vibaya kuiona kama kompyuta ndogo ndani ya kompyuta kubwa. Katika mada hii tunashughulika na jambo moja tu kuhusu kadi hiyo, jambo ambalo watahiniwa wengi hulijibu nusunusu: kwa nini prosesa yake huenda polepole unapoandika barua na huenda kasi unapocheza gemu, na ni nini kinachoamua mabadiliko hayo.

Chukua mfano halisi. Mwezi Machi 2012 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi iitwayo GeForce GTX 680, ambayo kasi yake ya msingi ni megahezi 1006. Mtu anainunua ikiwa imeshatumika, anaifunga kwenye kompyuta yake, anafungua programu ya kupimia na kukuta megahezi 324. Haraka sana anadhani ameuziwa kadi mbovu, au kadi nyingine iliyobandikwa jina la uongo. Huenda hajadanganywa hata kidogo. Kadi ikiwa haina kazi, 324 ndiyo kasi yake sahihi. Ukielewa sababu, utaweza kumshauri mtu huyo, na swali lolote la mada hii halitakushinda.

Saa ni nini ndani ya kadi?

Neno "saa" hapa halina maana ya saa ya ukutani. Ni mdundo wa umeme unaopanda na kushuka kwa utaratibu, na kila mdundo unazipa transista za prosesa ishara ya kusogea hatua moja. Ni kama mpiga ngoma anayewaongoza wachezaji: akiharakisha mapigo, wote wanaharakisha. Megahezi 1 ni midundo 1,000,000 kwa sekunde. Kwa hiyo megahezi 1006 ni midundo 1,006,000,000 kwa sekunde.

Mdundo huo huanzia kwenye fuwele ya kwatsi. Kadi nyingi za NVIDIA hutumia fuwele ya megahezi 27, ambayo yenyewe haibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni saketi iliyo mbele yake, inayouzidisha mdundo huo kwa namba inayoamriwa. Ukizidisha 27 kwa 12 unapata 324, ile ile aliyoiona mnunuzi wetu. Kubadilisha kasi ya kadi, basi, si kubadilisha kifaa chochote. Ni kubadilisha namba ya kuzidishia.

Kazi ya kawaida na kazi ya gemu

Skrini ya kawaida ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani vitone 2,073,600. Ikiwa skrini inaonyesha upya mara 60 kwa sekunde, vitone 124,416,000 hupelekwa kwenye skrini kila sekunde. Namba hiyo inatisha, lakini angalia vizuri: unapoandika barua, karibu vitone vyote vinabaki vilevile. Kadi inasoma tu picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu na kuipeleka skrini. Herufi moja ikiongezeka, inachorwa sehemu ndogo tu. Kazi hiyo prosesa ya kadi inaifanya huku imelala, kama wasemavyo vijana.

Kwenye gemu hakuna picha iliyohifadhiwa. Mchezaji akigeuza shingo kidogo tu, kila kitone lazima kikokotolewe upya: ukuta uko umbali gani, mwanga unaugonga kwa pembe ipi, kivuli kinaangukia wapi. Kitone kimoja kinaweza kuhitaji mamia ya hesabu, na zote ziwe zimekwisha kabla ya fremu inayofuata. Kwa mara 60 kwa sekunde, kadi ina milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Ikichelewa, gemu linakwama-kwama.

Zingatia tofauti ya maneno mawili yanayochanganywa sana. *Kasi ya saa* ni midundo ya prosesa kwa sekunde. *Kasi ya fremu* ni idadi ya picha kamili zinazotengenezwa kwa sekunde. Ya kwanza husaidia kuinua ya pili, lakini si kitu kimoja. Ukiandika moja mahali pa nyingine, maelezo yote yaliyobaki yanapotoka.

Kwa nini isikimbie muda wote?

Hapa ndipo kiini cha mada kilipo. Jibu la "ili kuokoa umeme" ni sahihi, ila halijakamilika. Mtahini anataka kuona unajua *kwa njia gani* umeme unaokolewa.

Kila transista inapowaka au kuzimika, chaji kidogo hujazwa na kumwagwa, kama kapasita ndogo sana. Nguvu inayotumika kwa kazi hiyo hufuata kanuni hii:

P = k × C × V² × f

P ni nguvu kwa wati, C ni uwezo wa kuhifadhi chaji wa saketi, V ni volti, f ni kasi ya saa, na k ni sehemu ya transista ambazo kweli zinawaka na kuzimika kwa wakati huo. Angalia alama ya kipeo cha pili juu ya V. Kasi ya saa ikipungua nusu, nguvu inapungua nusu. Lakini volti zikipungua nusu, nguvu inabaki robo.

Sasa, transista zikitakiwa kwenda kasi zinahitaji volti nyingi zaidi, ili chaji ijae kabla mdundo unaofuata haujafika. Zikienda polepole, volti chache zinatosha. Ndiyo maana kadi haishushi kasi peke yake. Inashusha kasi na volti pamoja, na faida kubwa inatoka kwenye volti.

Tufanye hesabu kwa namba tulizozichagua kwa ajili ya mfano. Tuseme kadi hutumia wati 160 ikiwa kwenye megahezi 1000 na volti 1.2. Kama tungeshusha kasi tu hadi megahezi 300, nguvu ingekuwa 160 × 0.3, yaani wati 48. Tukishusha na volti hadi 0.9, uwiano wa volti ni 0.9 ÷ 1.2 = 0.75, na kipeo chake cha pili ni 0.5625. Basi nguvu mpya ni 160 × 0.3 × 0.5625 = wati 27. Tumetoka 48 hadi 27 kwa kugusa volti tu. Katika hali halisi nguvu hushuka zaidi ya hapo, kwa sababu kadi isiyo na kazi ina k ndogo pia: transista nyingi hazigeuki kabisa. Inabaki nguvu kidogo inayopotea kwa mkondo unaovuja ndani ya transista hata zikiwa zimetulia, na hiyo haiishi mpaka sehemu husika ikatiwe umeme.

Je, akiba hii ina maana yoyote mfukoni? Tuseme kibanda cha gemu kina mashine 20, na kila kadi hutumia wati 195 ikifanya kazi na wati 15 ikipumzika. Kama kadi zisingejua kupunguza kasi, kila moja ingepoteza wati 180 kwa kila saa ambayo hakuna anayecheza. Kwa saa 5 za kukaa bila wateja: 180 × 5 × 20 = 18,000, yaani uniti 18 kwa siku moja. Mwenye kibanda anayenunua umeme wa LUKU hahitaji kufafanuliwa uniti 18 kila siku ni nini. Na umeme wote huo hugeuka kuwa joto ndani ya chumba, kwa hiyo feni za mashine na za darini nazo zinafanya kazi zaidi.

Kutoka kasi mbili hadi kasi nyingi

Mwanzoni mpango ulikuwa rahisi. Kadi ya GeForce FX 5800 Ultra ya mwaka 2003 ilikuwa na kasi mbili tu: megahezi 300 kwa kazi za kawaida na megahezi 500 kwa gemu. Gemu likifunguliwa, kadi iliruka juu na feni yake ilivuma kwa sauti iliyowafanya watu waifananishe na mashine ya kukaushia nywele. Kadi hiyo inakumbukwa zaidi kwa kelele kuliko kwa picha zake.

Baadaye ngazi ziliongezeka. NVIDIA huzipa ngazi hizo herufi P na namba, ambapo P0 ni ya juu kabisa na namba ikikua utendaji unashuka. Kadi nyingi zikipumzika zinakuwa kwenye P8. Kampuni ya AMD nayo ina mpango wa aina hiyo. Kadi yake ya Radeon HD 7970 hushuka kutoka megahezi 925 hadi 300 kwenye prosesa, na kutoka 1375 hadi 150 kwenye kumbukumbu. Usisahau kumbukumbu: nayo ina saa yake, na tutairudia kwa sababu ndiyo yenye vituko.

GTX 680 ilileta hatua nyingine. Badala ya kasi ya juu iliyofungwa, kadi hiyo ilihakikishiwa megahezi 1006 kama kasi ya msingi, kisha ikaruhusiwa kupanda yenyewe, kwa kawaida hadi 1058 au zaidi kidogo, ilimradi haijavuka mipaka yake. Kwa nini kuna nafasi ya kupanda? Kwa sababu magemu hayafanani. Gemu moja huzitumia sehemu zote za prosesa kwa wakati mmoja na kufikia kikomo cha wati. Jingine linaacha sehemu kubwa ikiwa imetulia, na wati zinabaki. Wati hizo zilizobaki zinageuzwa kuwa kasi.

Nani anaamua?

Ndani ya kadi kuna vipimo vya jotoridi, vya mkondo wa umeme na vya kiasi cha kazi. Kiasi cha kazi hupimwa kwa asilimia: katika muda uliopita, prosesa ilikuwa na shughuli kwa sehemu gani? Saketi ndogo ya udhibiti, ikishirikiana na draiva iliyowekwa kwenye kompyuta, husoma vipimo hivyo mara nyingi kwa sekunde na kuchagua ngazi. Kwa hiyo kadi haijui kwamba umefungua gemu. Inachojua ni kwamba kazi imeongezeka. Video au tovuti yenye michoro mingi inayocheza-cheza inaweza kuipandisha vilevile, na gemu jepesi la karata linaweza lisiipandishe hata kidogo. Mtahiniwa anayeandika "kadi hutambua gemu kisha huongeza kasi" amekosea kwenye neno *hutambua*.

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Inapopanda, kadi huongeza volti kwanza, ndipo inaongeza kasi. Inaposhuka, hupunguza kasi kwanza, ndipo inapunguza volti. Ukigeuza mpangilio huo, kungekuwa na muda mfupi ambapo transista zinakimbizwa kwa kasi ambayo volti zilizopo haziwezi kuitosheleza. Hesabu zingekosewa na kompyuta ingeganda. Kanuni ni moja kwa pande zote mbili: volti zisiwe pungufu ya zile kasi inazohitaji, hata kwa kitambo kidogo.

Utaona pia kwamba kupanda ni kwa haraka lakini kushuka kunachelewa, wakati mwingine kwa sekunde kadhaa baada ya gemu kufungwa. Hiyo imekusudiwa. Kama kadi ingeshuka kila kazi inapopungua kidogo, ingekuwa inapanda na kushuka bila kukoma katikati ya gemu, na kila mara mchezaji angeona picha ikisita.

Joto na hali ya hewa ya mahali

Kikomo cha wati siyo kikomo pekee. Tangu kadi ya GTX Titan ya mwaka 2013, NVIDIA iliweka pia jotoridi kama kipimo kikuu: kadi hiyo ilipangiwa kulenga nyuzijoto 80, na ikikaribia kupita hapo inapunguza kasi na volti.

Bamba la kupoozea haliwezi kuishusha kadi chini ya joto la chumba. Linaweza tu kupunguza tofauti kati ya kadi na hewa inayoizunguka. Tuseme bamba linaruhusu ongezeko la nyuzijoto 0.25 kwa kila wati 1. Kadi ya wati 200 itakuwa juu ya joto la chumba kwa nyuzijoto 50. Njombe, chumba kikiwa na nyuzijoto 18, kadi itafika 68 na kuendelea na kazi bila shida. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzijoto 33, itataka kufika 83. Kwa kikomo cha 80, nguvu inayoruhusiwa ni (80 − 33) ÷ 0.25 = wati 188. Kadi ileile, gemu lilelile, lakini ya Dar es Salaam inalazimika kuacha wati 12, au kuongeza kasi ya feni na kelele zake.

Punguzo hilo ni asilimia 6 ya nguvu. Kasi itapungua kwa chini ya asilimia 6, kwa sababu volti nazo zinashuka na mchango wake ni wa kipeo cha pili. Kwa hiyo joto la pwani halimnyimi mchezaji mengi. Kinachomnyima ni vumbi lililojaa kwenye bamba: likiziba njia ya hewa, ile 0.25 inaweza kukua sana, na hapo kadi itashuka hata kwenye chumba cha baridi.

Kumbukumbu na skrini mbili

Kuna hali moja ambapo kadi isiyo na kazi hukataa kushuka kikamilifu: unapounganisha skrini mbili zisizofanana. Sababu yake inapendeza kuielewa.

Kumbukumbu haiwezi kubadilishiwa kasi huku inasomwa. Lazima isimame kidogo na kupangwa upya. Lakini skrini inasoma picha kutoka humo muda wote. Kumbukumbu ikisimama katikati ya usomaji, skrini inametameta. Mwanya upo mmoja: kati ya fremu moja na inayofuata kuna muda mfupi ambapo hakuna kitone kinachotumwa. Kwa mfumo wa kawaida wa 1920 kwa 1080, fremu huhesabiwa mistari 1125, ambayo 1080 inaonekana na 45 ni mitupu. Fremu ikichukua milisekunde 16.7, mistari mitupu inachukua 45 ÷ 1125 × 16.7, yaani milisekunde 0.67 hivi. Mabadiliko lazima yaingie humo.

Kwa skrini moja, kadi inasubiri mwanya na kubadilisha. Kwa skrini mbili ambazo hazikulinganishwa, mwanya wa moja unaangukia katikati ya picha ya nyingine. Kadi nyingi hutatua tatizo hilo kwa kuiacha kumbukumbu kwenye kasi ya juu muda wote, na matokeo yake kadi inatumia wati zaidi na inakuwa na joto zaidi ingawa hakuna gemu lililofunguliwa. Si ubovu.

Swali la zoezi na jibu lake

*Mnunuzi amefunga kadi ya GTX 680 iliyotumika. Programu ya kupimia inaonyesha megahezi 324 akiwa hajafungua kazi yoyote. (a) Eleza kama kadi ni mbovu. (b) Afanye nini kuthibitisha? (c) Akiwa ndani ya gemu zito bado anaona 324. Taja sababu mbili zinazowezekana.*

(a) Kipimo hicho peke yake hakionyeshi ubovu. Kazi ikiwa ndogo, draiva na saketi ya udhibiti huchagua ngazi ya chini ya kasi na volti, kwa sababu nguvu huwiana na kasi ya saa na kipeo cha pili cha volti.

(b) Aendeshe gemu zito na kusoma kipimo *wakati gemu linaendelea*, si baada ya kulifunga. Kasi ikifika 1006 au zaidi, kadi inafanya kazi inavyotakiwa. Asome na jotoridi hapohapo kwa dakika kumi hivi, maana kadi yenye vumbi huanza vizuri na kushuka baadaye.

(c) Huenda draiva haikuwekwa sawasawa, hivyo kadi haipewi amri ya kupanda. Au umeme haitoshi: GTX 680 ina kikomo cha wati 195, nafasi ya kadi kwenye bodi kuu hutoa wati 75 tu, na zilizobaki lazima ziingie kwa nyaya mbili za pini sita, kila moja wati 75. Waya mmoja ukiwa umesahaulika au umelegea, kadi inaweza kubaki chini au isiwake kabisa. Jibu la "kadi imejaa joto" linakubalika iwapo tu mtahiniwa ametaja kwamba jotoridi limepimwa na kukutwa juu ya kikomo. Bila kipimo hicho ni kubahatisha.